Kina mama wana kungwi, kina baba tuna kijiwe

Wiki hii sina habari za nani kamfumania nani wala nani kavaa nini ukumbini. Nina swali tu, tena nawalenga washikaji zangu wa kiume, hasa wale wanaosoma gazeti la kuazima huku wanasubiri daladala. Swali lenyewe ni hili: wewe mwenzangu, ubaba ulifundishwa na nani?

Usijibu haraka. Dada yako akitaka kuolewa anafanyiwa kicheni pati. Ukumbi unakodiwa, sare zinashonwa, masufuria yanamwagwa, na katikati ya vigelegele yupo kungwi anashusha somo la nguvu. Kwa watu wa Pwani ndiyo usiseme, binti alishafundwa zamani, na somo wake yupo palepale, akikwama hata miaka kumi baada ya ndoa anamkimbilia. Akishika mimba kuna kliniki, kuna kadi, kuna nesi wa kumkaripia. Akijifungua, mama yake au shangazi anatia timu na kanga zake, anamkanda maji ya moto, anamwonyesha jinsi ya kumshika mtoto shingo.

Sasa bwana harusi je? Yeye anapewa usiku mmoja wa kuagana na ukapera. Kreti mbili tatu, kelele nyingi, halafu mshikaji mmoja aliyewahi kuoa na kuachika anamvuta pembeni na kumwambia: "Mwanangu, usimzoeshe." Basi, chuo kimefungwa. Miezi tisa baadaye anaitwa baba. Mwalimu hakuwa naye, mtihani hakufanya, na kila mtu anamtazama kana kwamba alitoka tumboni anajua.

Wazee watasema zamani kulikuwa na jando. Kweli. Vijana walikaa porini wiki kadhaa, wakafundishwa na mangariba na manyakanga mambo ya utu uzima. Sitaki kusema kila walichofundishwa kilikuwa kizuri, lakini angalau mtu mzima alikaa chini na kijana. Siku hizi mjini jando ni sindano ya ganzi hospitali, unafungwa bandeji, unarudi nyumbani na daladala umeshikilia nguo isikuguse. Somo hakuna.

Kwa hiyo kijiwe ndicho kimebaki kuwa shule. Na masomo ya kijiweni nayajua, maana nimekaa pale miaka mingi kuliko nilivyokaa darasani. Somo la kwanza: baba ni mshiko. Somo la pili: mtoto mchanga ni wa mama, wako atakuwa akishaanza kuongea. Somo la tatu: mwanamume akionekana ameshika beseni la nguo, ujue kawekewa limbwata.

La pili na la tatu yanachekesha. La kwanza ndilo linaloua.

Pale maskani kwetu kuna jamaa, nitamwita Baba Nanihii kwa sababu jina lake halihusu gazeti. Fundi rangi, mkono safi, akikupakia ukuta unaweza kujitazama sura. Mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza kipindi ambacho kazi zilikuwa zimekata kabisa. Siku ile alikwenda wodini akakuta wenzake wanaingia na mabeseni mapya, vitenge vya doti, chupa za mtori, nguo za mtoto bado zina lebo. Yeye alikuwa na mfuko wa machungwa. Akayaweka pembeni ya kitanda, akamtazama mtoto kidogo, akatoka.

Siku 11 hakukanyaga nyumbani. Alikuwa analala kwenye pagala moja alikohifadhi makopo na brashi zake. Mtaani ikavuma kwamba ana nyumba ndogo. Mama mkwe akaanza kuulizia nauli ya kumrudisha binti yake kwao. Kijiwe nacho kikapata stori ya wiki nzima.

Hakukuwa na nyumba ndogo wala nini. Jamaa alikuwa anaona aibu. Kichwani mwake baba ni mshiko, na yeye mshiko hana, kwa hiyo siyo baba. Ukimwuliza alikuwa anajibu kitu kimoja tu: "Nikaonyeshe sura gani?"

Aliyemtoa kule ni mzee mmoja fundi cherehani wa pale mtaani, mwenye wajukuu sita. Alimfuata jioni.

"Shikamoo mzee," jamaa akasema.

"Marahaba mwanangu. Nyanyuka twende nyumbani ukafue."

"Nikafue nini mzee?"

"Nepi. Sabuni ninayo mimi."

Wakaongozana. Mzee akakaa barazani, jamaa akapiga magoti kwenye beseni mbele ya wapangaji wote. Mkewe hakusema neno. Alipomaliza kufua, yule mama alimpa mtoto amshike, akachukua ndoo akaenda kuoga. Kumbe tangu asubuhi alikuwa hajapata mtu wa kumwachia mtoto hata dakika kumi. Mzee akarudi tena kesho yake, na keshokutwa yake, anauliza tu: "Mmeamkaje?" Kazi ya rangi ilichelewa kupatikana miezi miwili zaidi, lakini baba alikuwa nyumbani.

Nimeisimulia stori hii kwa sababu watu wengi wanadhani mwanamume anayekimbia mtoto ni mhuni. Wahuni wapo, hilo sibishi. Lakini wapo wengi wanaokimbia aibu ya mfuko mtupu. Mtoto wanampenda, ila hakuna aliyewaambia kwamba kuna kazi ya ubaba isiyohitaji hata senti tano.

Kuna wanaosema dawa ya wanaume ni kuwabana tu. Hilo nalo limejaribiwa. Kliniki zetu za wajawazito humtaka mama aje na mwenzi wake hudhurio la kwanza, ili wote wapimwe virusi vya UKIMWI na kupewa ushauri. Nia nzuri kabisa. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliibua vituko. Kina mama wengine ambao waume zao hawakuja waliogopa kurudishwa, wakaazima mwanamume wa barabarani, mfano dereva wa bodaboda, ajifanye ndiye mwenye mimba. Hebu pata picha. Jamaa wa watu kavua kofia, anasikiliza habari za mboga za majani na vidonge vya kuongeza damu, anaitikia "sawa nesi", halafu anarudi kijiweni kusubiri abiria. Mwenye mimba mwenyewe hajaambiwa kitu. Ukimlazimisha mtu bila kumfundisha, utapata mwili tu, tena mwenyewe siyo yeye.

Sasa kazi aliyoifanya yule mzee wa cherehani kwa akili zake, majirani zetu wameifanya kwa mpango. Twende Rwanda kwanza.

Kule kuna mpango unaitwa Bandebereho, neno la Kinyarwanda lenye maana ya mtu wa kuigwa. Ulianza mwaka 2013 chini ya shirika la wenyewe Wanyarwanda, RWAMREC, wakishirikiana na Promundo, katika wilaya nne: Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Waliwachukua wanaume wa umri wa miaka 21 hadi 35, ambao wake zao ni wajawazito au wana mtoto wa chini ya miaka 5. Hao ndio sisi haswa. Wakawaweka kwenye vikundi vidogo, vikao mpaka 15, na katika vikao 8 mke naye alialikwa. Na walimu hawakuwa madaktari wa suti na tai. Walikuwa kina baba wa hapohapo kijijini, waliojitolea na kupewa mafunzo.

Wanaongea nini humo ndani? Siyo mahubiri. Wanaongea mimba na uzazi, uzazi wa mpango, jinsi ya kupanga pesa ya nyumba na mwenzako, jinsi ya kugombana bila kuinua mkono, jinsi ya kumlea mtoto bila bakora. Mafunzo ya aina hii yana zoezi moja nalipenda sana. Wanaume wanaambiwa wataje kila kitu anachofanya mama kuanzia anapoamka mpaka analala, saa 24, kisha wataje cha baba. Orodha ya mama inajaza karatasi. Ya baba inaishia katikati, na hapo ameshaongezea "kusikiliza taarifa ya habari". Hakuna anayetukanwa. Karatasi yenyewe inaongea.

Sasa utasema, maneno matupu hayo, mwanamume habadiliki. Ngoja nikupe hesabu. Watafiti walichukua familia karibu 1,200 na kuzigawa kwa bahati nasibu, nusu hivi wakaingia kwenye vikao, wengine hawakuingia. Baada ya miezi 21, habari za vipigo wakawauliza kina mama, siyo kina baba wenyewe wa kujisifu. Upande ambao haukupata mafunzo, wanawake 57 katika kila 100 walisema wamepigwa na waume zao ndani ya mwaka mmoja uliopita. Upande uliopata mafunzo walikuwa 33. Wanaume waliofundishwa walikwenda zaidi kliniki na wake zao, walishika zaidi kazi za nyumbani, na watoto wao walichapwa kidogo kuliko wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Watafiti walirudi tena baada ya miaka sita, wakakuta tofauti bado ipo.

Tusishangilie sana. Wanawake 33 katika 100 bado ni wengi mno, hata mmoja ni mwingi. Lakini kutoka 57 hadi 33 kwa vikao tu, bila bunduki wala jela, mimi navua kofia.

Ukivuka kwenda Uganda kaskazini, wilaya ya Amuru, kulikuwa na mpango mwingine ulioanza mwaka huohuo wa 2013, wa kina baba wadogo kabisa, miaka 16 mpaka 25, wenye watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Ukumbuke eneo lile lilipigwa na vita ya Kony miaka mingi. Wengi wa vijana hao walikulia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Uzee wa kujifunzia haukuwepo, nyumba ya kuigwa haikuwepo. Dawa yao ikawa kumpa kila kijana mwanamume mtu mzima wa kumlea kiubaba, anayeheshimika pale kijijini na aliyekubali kujitolea. Anamtembelea nyumbani, wanaongea wawili, siku nyingine wanakutana kikundi, siku nyingine mke anakaribishwa. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi, na kijijini yakabandikwa mabango makubwa yenye picha za kina baba wakiwa na familia zao, ili wapita njia nao wabishane. Huko nako vipigo kwa wake na kwa watoto vilipungua.

Umeona kinachofanana? Yupo mtu mzima wa kumfuata, wapo wenzako wenye shida kama yako, na mke yumo ndani ya habari. Ukitoa kimoja, imekula kwako. Wanaume peke yao bila wake zao watatoka na misamiati mipya tu. Mke peke yake akifundishwa, anarudi nyumbani kwa mtu yuleyule. Na kijana akipewa semina ya siku moja yenye soda na posho, anakumbuka soda.

Kuna kikao kingine kwenye mafunzo ya aina hii ambacho kinawatoa wanaume jasho. Unaulizwa: baba yako alikuwaje kwako? Kipi cha kwake unataka kumpa mwanao, na kipi unataka kiishie kwako?

Nikiulizwa mimi nitajibu hivi. Baba yangu alikuwa dereva wa malori ya masafa. Ada yetu haikuchelewa hata muhula mmoja, na viatu vya shule tulikuwa navyo wakati wenzetu wanavaa kandambili. Hicho nataka kumpa mwanangu. Lakini akirudi safari nyumba nzima ilikuwa inanyamaza kama redio iliyoisha betri. Tulijifunza kumjua kwa mlio wa funguo zake. Amefariki, na mpaka leo sijui ni kitu gani kilikuwa kinamchekesha. Siku ya msiba walikuja madereva wenzake, wakasimulia alivyokuwa anawavunja mbavu njia nzima. Mimi na wadogo zangu tukawa tunatazamana. Kumbe alikuwa mcheshi! Nadhani naye hakuna aliyemwambia kwamba ucheshi ule ungeweza kuletwa nyumbani. Hicho ndicho ningependa kiishie kwake.

Haya, turudi mjini kwetu. Tuna nini sisi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea baba aliyeajiriwa likizo ya angalau siku 3 zenye malipo, achukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama aliwekewa siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wakenya kwenye sheria yao ya mwaka 2007 walimpa baba wiki mbili. Siku 3 za kwetu ukitoa ya kwenda hospitali na ya kutafuta nauli ya mama mkwe, imebaki moja. Na hizo ni za mwenye ajira. Muuza mitumba, fundi rangi, kondakta na dereva wa bodaboda, likizo yao ni siku ambayo hawali. Kwa hiyo tukisubiri sheria itufundishe ubaba tutazeeka.

Serikali nayo Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, jina refu kama treni ya mizigo, lakini lengo lake zuri: mtoto wa miaka 0 hadi 8 apate afya, lishe, ulinzi, kujifunza mapema na malezi yenye kumjali. Tatizo ni kwamba ukisema "malezi" mtaani, wanaume wanageuza shingo kutafuta mama yupo wapi. Mwaliko wa mkutano wa wazazi shuleni ukifika nyumbani, baba anausoma kisha anamkabidhi mkewe kama bili ya maji.

Mimi nasema tuanzie mtaani. Hatuhitaji mfadhili wala ukumbi. Timu ya mchangani tunaunda wenyewe, na jezi tunachangishana. Kundi la kina baba 10 haliwezi kutushinda. Jumamosi jioni, ofisi ya serikali ya mtaa, uwanja wa msikiti, ukumbi wa kanisa, hata kijiweni penyewe, mradi wiki mbili mara moja na wake zenu wawepo. Mtafuteni mzee mmoja ambaye watoto wake wakubwa bado wanamtembelea bila kuitwa. Hicho ndicho cheti chake, usimwulize kingine. Mkunga au nesi wa zahanati aje siku moja awaeleze dalili za hatari kwa mjamzito na kichanga, maana usiku wa manane ukijua dalili, utajua kwamba siyo muda wa kusubiri kupambazuke. Anzeni na swali moja kila kikao: wiki hii umefanya nini na mwanao ambacho hakikugharimu hela?

Na tusidanganyane, kikundi hakitakuletea ajira, wala hakimsafishi mwanamume anayempiga mkewe au kumdhuru mtoto. Huyo ana sehemu yake, dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto ipo. Kungwi ni wa kufunda, siyo wa kuficha.

Najua wapo watakaonicheka. "Huyu mwandishi naye kawekewa limbwata." Sawa, nimekubali. Lakini wewe unayecheka, pikipiki yako ikiharibika unaita fundi. Simu ikigoma unauliza mtoto wa jirani. Ukitaka kujifunza kuendesha gari unamlipa mtu akae pembeni yako akushike usukani. Iweje kulea binadamu, kazi ambayo haina gia ya kurudi nyuma, ndiyo uone aibu kuuliza?

Kama mtaani kwako yupo mzee wa aina ile ya cherehani, leo usimpite na salamu ya mbali. Kaa naye kidogo, mpelekee hata sukari kilo moja, umwulize alifanyaje. Na wewe dada unayesoma hapa, usimkatie mumeo gazeti hili na kulibandika kwenye kioo kama tangazo la mnada. Liache mezani tu, ataliona mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.